Jioni moja Honolulu: mgahawa wa mseto au meza ya poi?

Mdogo wangu na mumewe wanasafiri kutoka Dallas kwenda Honolulu mwezi ujao, siku nne tu. Kanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, tumetenga dola mia tatu tutoke jioni moja tule vizuri. Twende kwenye ile migahawa ya kisasa, au tutafute chakula chao wenyewe?" Nilianza kumjibu kwa sauti nikaona nitamaliza bando, nikaamua kuandika. Honolulu nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia hela nyingi nikalala na njaa. Mara ya pili nilijua pa kwenda.

Chaguo ziko tatu, ila ya tatu niiondoe mapema: luau ya hotelini. Hiyo ni jioni ya ngoma ya hula, mienge ya moto na bufee karibu na ufukwe, na tiketi mara nyingi huvuka dola 150 kwa kichwa. Neno lenyewe ni jani la gimbi, na karamu hii ina historia nzito: mwaka 1819 Kamehameha II alikaa akala meza moja na wanawake mbele za watu, akauvunja mwiko uliowatenga wake na waume wakati wa kula. Lakini bufee ya watu mia tatu ni bufee ya watu mia tatu popote duniani. Mkiwa na watoto wanaotaka kuona moto ukizungushwa, nendeni. Kama shida yenu ni chakula, zimebaki mbili: mgahawa wa mseto wa kisasa, au nyumba ndogo ya chakula cha Kihawaii inayouza poi, uji wao wa gimbi.

Huo mseto ni upi

Nasema mseto nikijua mtu wa Pwani atawaza wali na choroko, na hatakuwa amekosea sana. Kwa miaka mingi hoteli za Waikiki, ufukwe wa watalii wa Honolulu, zilipika chakula cha Ulaya, na samaki wa kugandishwa walisafirishwa kutoka mbali ilhali bahari iko mlangoni. Mwaka 1991 wapishi 12, wakiwemo Roy Yamaguchi, Alan Wong, Sam Choy, Bev Gannon na Peter Merriman, walikutana kisiwa cha Maui wakaunda kundi lililojiita Hawaii Regional Cuisine. Walikubaliana jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: tununue kwa wakulima na wavuvi wa hapa, tupike kwa ufundi tuliosomea Ulaya, Marekani na Japani, na tusione haya kuweka mezani ladha za mtaani kwetu.

Yamaguchi alikuwa ameshafungua mgahawa wake Hawaii Kai, mtaa wa Honolulu, mwaka 1988. Alan Wong alifungua wake King Street mwaka 1995, akaufunga 2020, ila alama yake bado iko kwenye menyu za wengine. Sahani yake iliyovuma ilikuwa onaga, samaki mwekundu wa kina kirefu, aliyepakwa tangawizi juu, na mchuzi wa miso, rojo la soya iliyochachushwa, na ufuta pembeni. Kitindamlo chake kiliitwa Nazi tu: gamba la chokoleti lenye umbo la kifuu, ndani barafu ya tui. Ukielewa hizo mbili, umeelewa mtindo mzima. Kitu cha nyumbani kinavalishwa nguo za kutokea.

Wapishi hao, hata hivyo, hawakuuanzisha mseto. Ulianzia mashambani. Shamba kubwa la kwanza la miwa lilianza Koloa, kisiwa cha Kauai, mwaka 1835. Kisha wakaletwa vibarua: Wachina kuanzia 1852, Wajapani, Wareno mwaka 1878, Wakorea 1903, Wafilipino 1906. Mchana kila mmoja alifungua chakula chake, na majirani wakaonjana. Huko ndiko ilikotoka ile sahani ambayo mama ntilie wa Honolulu anakuuzia mpaka leo, wenyewe wanaiita plate lunch: mabonge mawili ya wali, makaroni yaliyochanganywa na mayonezi, na kitoweo kimoja, kuku wa sosi ya soya au nyama iliyokaangwa. Huko mji wa Hilo, kwenye kile wanachokiita Kisiwa Kikubwa, mwaka 1949, wakaongeza loco moco: wali, kababu bapa ya ng'ombe, yai la kukaanga na mchuzi mzito juu yake. Vijana wenye njaa ndio walioiomba, na ladha yake inakuambia hivyo.

Hata kile kinachouzwa kama chakula cha asili kina wageni ndani. Lomi salmoni ni kachumbari ya nyanya na kitunguu iliyopondwapondwa kwa vidole pamoja na samaki wa chumvi, na salmoni haogelei popote karibu na Hawaii. Aliletwa na meli, ndani ya mapipa. Kwa hiyo usichague kwa kujiuliza kipi ni mchanganyiko na kipi ni halisi. Utazunguka mpaka usiku. Jiulize maswali mawili: hiki kimetoka wapi, na kimepikiwa nani?

Kwenye meza ya poi

Nyumba maarufu kuliko zote za aina hii ni Helena's Hawaiian Food, mtaa wa Kalihi, mbali na hoteli. Ilifunguliwa mwaka 1946, na mwaka 2000 wakfu wa James Beard, ambao ndio hutoa tuzo kubwa za upishi Marekani, uliipa tuzo ya migahawa ya jadi. Usitegemee mapambo. Meza ni za kawaida, foleni inafika nje, na vyakula huja kwenye vibakuli vidogo vidogo.

Kwanza poi. Ni gimbi, wanaloliita kalo, lililochemshwa, likapondwa na kulegezwa kwa maji mpaka likawa uji mzito wa rangi ya kijivu inayoelekea zambarau. Siku ya kwanza ina utamu wa mbali. Ikilala siku mbili tatu inachacha, na wenyeji wengi wanaitaka hivyo. Uzito wake walikuwa wakiupima kwa vidole: nzito ya kidole kimoja, nyepesi ya vitatu. Mtu aliyekulia kwenye togwa hashtuki. Ila usiile peke yake kama watalii wanavyofanya, wakakunja uso na kupiga picha. Poi ni kama ugali, inasubiri chumvi ya kitu kingine. Chovya, kisha weka mdomoni kipande cha pipikaula, mbavu za ng'ombe zilizolowekwa kwenye sosi ya soya na kuanikwa. Pale Helena's huning'inizwa juu ya jiko mpaka zikauke, halafu hukaangwa. Unatafuna, chumvi inatoka, poi inaizima. Pembeni unapewa kitunguu kibichi na chumvi nyekundu ya udongo, na pilipili ya maji kwenye chupa.

Kilichoniweka kimya ni squid luau: pweza au ngisi aliyepikwa na majani ya gimbi kwenye tui mpaka majani yakayeyuka. Mtu wa Unguja akifumba macho atadhani ni kisamvu cha nazi kilichopata pweza kwa bahati. Majani hayo yanataka moto wa muda mrefu, la sivyo yanakereketa koo, jambo ambalo bibi yangu aliliimba kila alipoyachuma nyuma ya nyumba.

Kuna jambo halimo kwenye bei. Katika masimulizi ya Wahawaii, kalo ni kaka mkubwa wa binadamu: mtoto wa kwanza, Haloa, alizaliwa akiwa amekufa, wakamzika, na kaburini pakaota mmea huo; mdogo wake, aliyepewa jina lilelile, ndiye aliyezaa watu. Ndiyo maana ilikuwa mwiko kugombana bakuli la poi likiwa wazi mezani. Sisi tuliokulia kwenye sinia moja hatuhitaji kuelezwa sana.

Kwenye kitambaa cheupe

Upande wa pili ni taa za chini, mhudumu anayekuambia jina lake, na menyu ya ukurasa mmoja. Katika kizazi cha sasa, Robynne Maii wa Fête, mgahawa ulioko Chinatown ya Honolulu, alipata mwaka 2022 tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa eneo la Kaskazini Magharibi na Pasifiki, na yeye mwenyewe ni Mhawaii kwa asili. Migahawa ya namna hii imetapakaa Chinatown na Kaimuki, mitaa ambayo watalii wengi wa Waikiki hawaifiki.

Utakachokutana nacho ni samaki wa siku hiyo, ngozi ikiwa kavu kama biskuti, amelala juu ya kitu kilichosagwa, labda gimbi au shelisheli, ambalo wao huliita ulu, na mchuzi uliotiwa ndimu, siagi na miso. Au poke ya jodari, samaki mbichi wa vipande aliyekolezwa, juu ya kaki nyembamba ya kukaanga. Au loco moco ileile ya vijana wa Hilo, lakini nyama ni ya ng'ombe wa malisho ya Kisiwa Kikubwa na mchuzi umepikwa siku nzima.

Hapo mara ya kwanza niliumia. Niliketi mgahawa mmoja wa kifahari, sitautaja, kabla sijawahi kuonja poi maishani. Wakaniletea tone la poi lenye ukubwa wa sarafu pembeni ya samaki. Sikuelewa ni nini, nikadhani ni sosi iliyoharibika. Meza ya jirani walikuwa wazee wawili wenyeji; walipoletewa sahani ileile walicheka kwa furaha, mmoja akamgusa mwenzake bega. Kulikuwa na utani kwenye ile sahani na mimi sikuujua. Mpishi wa mseto anazungumza na mtu anayekijua chakula cha nyumbani. Asiyekijua analipa dola 48 kwa samaki mzuri tu.

Hela

Kwenye nyumba ya poi, watu wawili wakijilisha kisawasawa watatoka na dola 60 au 70. Plate lunch ni rahisi zaidi: Rainbow Drive-In, iliyoko mtaa wa Kapahulu tangu 1961, inashibisha mtu kwa bei ambayo mgahawa wa mseto unauzia saladi.

Kwa mseto piga hesabu hivi. Vitafunio viwili vya kuanzia, sahani kuu mbili, kitindamlo kimoja cha kugawana: weka dola 180. Juisi mbili za kuchanganywa, 24. Jumla 204. Kodi ya Oahu, kisiwa chenye Honolulu, hufika kwa mteja ikiwa asilimia 4.712, hiyo ni dola 9.61. Bakshishi ya asilimia 20, ambayo Marekani si hiari kama jina linavyodanganya, ni 40.80. Mmefika 254.41, na teksi ya kurudi Waikiki bado. Ile mia tatu inatosha, lakini haibaki. Mkichagua menyu ya kuonja, ile ya sahani saba nane ambazo mpishi anazipanga mwenyewe, mia tatu inaweza kuishia kwa mtu mmoja.

Na someni bili kabla ya kusaini. Sehemu nyingine huingiza ada ya huduma moja kwa moja, kisha karatasi inakuachia mstari wa bakshishi kama vile haijakatwa. Mimi nililipa mara mbili, nikagundua hotelini nikiwa navua viatu.

Kwa shemeji

Shemeji hali nguruwe, na mimi vilevile, kwa hiyo hili si dogo. Nyumba ya poi ina nguruwe kila upande: kalua ni nguruwe wa kuokwa kwenye shimo lenye mawe ya moto, laulau ya kawaida ni nguruwe aliyefungwa kwenye majani ya gimbi, na mitaani kuna Spam, nyama ya kopo iliyoingia kwa wingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikagoma kuondoka. Bado mnapata meza nzuri: squid luau, lomi salmoni, poi, kuku mwenye tambi na tangawizi, na haupia, ambayo ni tui lililogandishwa likakatwa vipande kama halua laini. Pipikaula ni ng'ombe, lakini uchinjaji wake kila mtu na msimamo wake. Ulizeni supu ya kuku imechemshwa na nini.

Kwenye mseto watu hujiona salama kwa sababu samaki ni wengi. Tahadhari iko kwenye mchuzi. Samaki wa misoyaki, anayependwa kuliko wote na ambaye Roy's, mgahawa wa Yamaguchi, imejijengea jina kwake, huroweshwa kwenye miso pamoja na sake na mirin, zote pombe. Michuzi ya siagi ya Kifaransa huanza na divai. Mhudumu wa mgahawa wa daraja hili hakasiriki ukimuuliza. Mwambie mapema, hata siku ya kubuku meza, na mpishi atakuandalia samaki wa kuchomwa kwa chumvi na limu, mwani wa kule. Hapo mseto unaishinda nyumba ya poi, maana nyumba ya poi hupika sufuria moja kwa wote.

Kupima mgahawa kabla hujakaa

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Hawaii inaagiza kutoka nje asilimia 85 hadi 90 ya chakula chake. Kwa hiyo neno "kisasa" na ua la plumeria kwenye glasi havithibitishi kitu. Angalia menyu yao mtandaoni. Ukiona samaki wanatajwa kwa majina ya kule, opakapaka, monchong, ono, ahi, tena wanabadilika wiki hadi wiki, ni dalili njema. Ukiona kamba, salmoni na nyama ya kondoo tu mwaka mzima, huyo anapika kutoka kwenye friza.

Honolulu ina mnada wa samaki Gati namba 38, unaoanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Majodari hupangwa mzimamzima juu ya barafu, wamekatwa kidogo karibu na mkia ili mnunuzi aone rangi na mafuta, na huuzwa mmoja mmoja. Mgahawa unaonunua pale utakuambia bila kuombwa. Na hata mkinunua poke ya kupimiwa dukani, someni kibao: kuna ya samaki mbichi, kuna ya aliyewahi kugandishwa, na bei zao zinapishana kwa sababu.

Raha ndogo mtakayoipata ni kwamba menyu itasomeka. Kihawaii hufunga kila silabi kwa irabu kama sisi, hivyo Kapahulu, Kalihi na Kaimuki zinatoka mdomoni bila jasho, wakati Mmarekani wa meza ya pili anahangaika. Poke ni po-ke, isomeni kama ilivyoandikwa. Ila mkiona pupu juu ya orodha, si ile pupu ya stendi ya Manzese. Ni vitafunio vya kuanzia.

Wengi wetu Hawaii tunaifahamu kupitia Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 na baba Mkenya aliyekuja kusoma chuo kikuu cha huko. Alipokuwa rais, akirudi likizo, alionekana mara kadhaa kwa Alan Wong, na mwaka 2009 alimwita apike luau ya wabunge Ikulu ya Marekani. Mtoto wa nyumbani angeweza kula popote, akachagua mseto. Lakini yeye utani wa kwenye sahani alikuwa anaujua tangu utotoni.

Basi

Mkiwa na siku nne, msizigombanishe. Siku ya pili mchana nendeni Kalihi, mle poi na squid luau, mtumie hiyo sabini. Angalieni siku zao za kufungua, hawafungui wiki nzima na hufunga mapema. Siku ya tatu jioni ndipo muingie kwenye mseto, na kile kitone cha kijivu pembeni ya samaki kitakuwa kinazungumza na nyinyi. Bajeti ikibana, acheni kitindamlo cha dola 16. Leonard's, Kapahulu hukohuko, wanakaanga malasada za Wareno tangu 1952, binamu mnene wa kalimati, za moto, zenye sukari nje.

Ikibidi kuchagua moja tu, na ndiyo safari yenu ya kwanza, naenda na meza ya poi. Ila kama ni maadhimisho ya ndoa, au mnasafiri na mama mkwe asiyetaka kusimama kwenye foleni, chukueni mseto bila kujilaumu, na mwombeni mhudumu awaelezee kila kilichoko kwenye sahani. Shemeji avae shati lake la kitenge. Kule shati la maua ndilo suti.

Nilimtumia haya yote. Akajibu baada ya saa nzima: "Kaka, huo uji wa gimbi uliochacha, ni lazima?"

Nikamwambia ni lazima.

"Sawa. Tumebuku ule wa jioni. Uji tutauangalia tukifika."